Risasi bila bunduki: nambari moja ya maabara na miaka inayohitajika kuielewa

Jirani yangu alinijia jioni moja na karatasi ya maabara aliyoikunja mara nne hadi ikatosha kiganjani. Mwanawe wa miaka mitatu alikuwa akilalamika tumbo kwa miezi, chakula hakitaki, usiku halali vizuri. Hapa Mikindani, Mombasa, hatuko mbali na Owino Uhuru, mtaa uliochafuliwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, kwa hiyo mama huyo alikataa kuambiwa kwa mara ya tatu kwamba ni minyoo. Akadai mtoto apimwe risasi, ile metali yenye sumu. Karatasini palikuwa na nambari moja iliyotiwa duara kwa kalamu: 7.

"Mwalimu," akaniuliza, "saba ni nyingi ama ni kidogo?"

Nilimjibu haraka kuliko ilivyostahili. Nilijua kwamba Shirika la Afya Duniani linataka mtoto akifikisha mikrogramu 5 katika desilita moja ya damu, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Nikamwambia saba imepita. Kisha nikampigia simu mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye kwa miaka mitano sasa anasomea toksikolojia, yaani elimu ya sumu, na katika elimu hiyo amechagua metali. Nilitaraji aseme kama nilivyosema mimi. Badala yake akaanza kuniuliza maswali.

"Mjomba, damu waliitoa kidoleni ama kwenye mshipa? Na kama ni kidoleni, walimwosha mikono kwa sabuni kwanza, ama walipangusa tu na pamba ya spiriti?"

Nikamgeukia mama. Akakumbuka kwamba alimchukua mtoto akiwa anacheza uani, wakapanda boda boda, wakafika, akadungwa kidole. Habari ya sabuni haikutajwa na mtu.

Swali hilo la kunawa mikono lilinikaa kichwani wiki nzima, na kadiri nilivyomdodosa mpwa wangu ndivyo nilivyoona kwamba ndani yake kuna karibu kila kitu anachokifanya. Ndiyo sababu ya kuandika haya. Watu wengi mtaani kwetu wamewahi kushika karatasi kama ile, na wachache sana wamepata wa kuwaeleza.

Tuanze na saba yenyewe. Mtoto wa kilo kumi na nne ana damu ya takriban lita moja. Ukikusanya risasi yote iliyo katika damu hiyo kwa kipimo cha saba, utapata mikrogramu 70. Punje moja ya chumvi ya mezani ina uzito wa mikrogramu 60 hivi. Kwa hiyo mama alikuwa akiuliza habari ya punje moja ya chumvi, na ziada kidogo, iliyoyeyuka katika lita nzima ya damu ya mwanawe. Tone lililokamuliwa kidoleni halina hata sehemu moja ya elfu kumi ya punje hiyo. Vumbi lisiloonekana kwa macho, lililonasa ukuchani mwa mtoto aliyekuwa akichezea mchanga, likigusa tone hilo, linatosha kuifanya tatu isomeke saba.

Lugha nayo hutuchanganya hapa. Risasi kwetu ni ile ya bunduki na pia ni metali yenyewe, kwa kuwa ya kwanza ilitengenezwa kwa ya pili. Neno madini nalo tumelibebesha mizigo mingi: muuguzi wa kliniki akimwambia mja mzito amepungukiwa na madini, ana maana ya chuma, na mchimbaji wa Taita akisema madini, ana maana ya vito. Watafiti wa fani hii huzungumzia metali za kiasi kidogo, zile ambazo mwilini, baharini au udongoni hupatikana kwa vipimo vidogo mno. Nyingine kati ya hizo hatuwezi kuishi bila. Mtu mzima ana zinki gramu mbili hivi mwili mzima, na shaba kama sehemu moja ya kumi ya gramu. Kobalti ni kidogo zaidi, lakini iko katikati kabisa ya vitamini B12, na bila hiyo damu haitengenezwi sawasawa. Mtoto akiharisha, zahanati humpa vidonge vya zinki pamoja na ORS. Zinki hiyohiyo ikizidi sana humtapisha mtu na humkosesha shaba. Risasi, zebaki na kadimi haziko katika kundi hili. Hakuna kazi hata moja inayojulikana ambayo mwili wa binadamu unazihitaji kuifanya.

Kwa nini basi mwili unazikaribisha? Mpwa wangu alinieleza kwa mfano wa matatu. Utingo hakagui kitambulisho, hutazama tu kama abiria ana nauli. Chembe ya risasi ina umbo na chaji inayokaribiana na ya kalsiamu, kwa hiyo utumbo huipitisha kwa mlango uleule wa kalsiamu, na mifupa huipokea na kuihifadhi. Mara ikiwa ndani hukalia pia kiti cha zinki katika kimeng'enya kimoja cha kutengeneza damu, na kimeng'enya hicho kikasimama kazi. Ubongo wa mtoto unaojijenga unategemea kalsiamu kupitisha habari kutoka seli hadi seli, na hapo ndipo mgeni huyu anapoharibu zaidi. Mtu mzima hufyonza sehemu ndogo ya risasi anayoimeza, chini ya moja kwa kumi mara nyingi. Mtoto mdogo huweza kufyonza karibu nusu. Na mtoto aliyepungukiwa na chuma au kalsiamu hufyonza zaidi, kwa kuwa milango yake iko wazi ikisubiri kile alichokikosa. Vumbi lilelile, uani palepale, humuumiza zaidi mtoto mwenye njaa. Jambo hili liliniuma kuliko yote niliyoyasikia.

Sasa turudi kwenye usafi, maana historia ya elimu hii ilianzia hapo.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 kijana mmoja wa Marekani, Clair Patterson, alipewa kazi iliyoonekana haina uhusiano wowote na sumu: apime risasi katika mawe na vimondo, kusudi ajue umri wa dunia. Aina fulani za atomi za risasi huzalishwa na urani inapooza polepole, kwa hiyo ukijua uwiano wao unaweza kuhesabu miaka. Tatizo ni kwamba kila alipopima alikuta risasi nyingi kuliko ilivyowezekana. Ilitoka hewani, kwenye maji ya bomba, kwenye rangi ya ukuta, kwenye nywele zake mwenyewe. Ilimchukua miaka kuitafuta na kuitoa moja baada ya nyingine, akisugua sakafu, akichemsha vyombo vyake kwa asidi, akijenga chumba ambacho hewa yake ilichujwa. Mwaka 1956 alichapisha jibu ambalo mpaka leo halijaondolewa: dunia ina miaka bilioni 4.55.

Mtu mwingine angeishia hapo, akapokea heshima zake. Patterson aliuliza risasi yote ile iliyomsumbua maabarani ilitoka wapi. Alipima maji ya bahari, akapima na barafu ya Greenland iliyolala matabaka kwa matabaka kwa karne nyingi, na akaona kwamba risasi hewani iliongezeka pamoja na viwanda, kisha ikapanda zaidi baada ya kuanza kutiwa kwenye petroli katika miaka ya 1920. Mwaka 1965 aliandika kwamba Wamarekani wa kawaida walikuwa na risasi mwilini mara mia hivi ya ile ya asili. Wataalamu wa upande wa viwanda, wakiongozwa na daktari Robert Kehoe, walikuwa wamesema kwa miaka mingi kwamba risasi iliyo mwilini mwa watu wote ni ya kawaida na haina madhara. Hoja yao ilikuwa na kasoro moja: walipima watu wenye risasi wakawalinganisha na watu wengine wenye risasi, katika maabara zenye risasi.

Fedha za utafiti alizokuwa akipata kutoka kwa wenye mafuta zilikatika. Mwaka 1971, baraza la wanasayansi la Marekani lilipounda kamati ya kuchunguza risasi ya hewani, Patterson, aliyeijua kuliko wengi, hakuwekwa. Aliendelea. Alifariki Desemba 1995, na mwaka uliofuata petroli yenye risasi ikapigwa marufuku kwa magari ya barabarani nchini mwake. Sisi kusini mwa Sahara tulimaliza kuiacha mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliiacha Julai 2021. Tangazo la kwamba imekwisha kabisa lilitolewa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako Nairobi. Watoto waliokuwa wakiuza njugu kando ya barabara ya Makupa miaka ya 1980 na 1990 waliivuta kila siku. Mimi nilikuwa mmoja wao. Mifupa huishikilia risasi kwa miaka kumi, ishirini, hata thelathini, kwa hiyo nina hakika ninayo bado.

Hapo kwenye mifupa kuna jambo linalowapotosha wengi wanaosoma karatasi za maabara. Risasi ya damuni hupungua kwa nusu katika muda wa mwezi mmoja hivi. Kipimo cha damu, basi, ni habari za majuzi: kinasema zaidi mtoto amekula nini na amepumua nini wiki chache zilizopita, pamoja na kile ambacho mifupa inakirudisha polepole. Ukitaka historia ndefu lazima utafute mahali pengine.

Daktari wa watoto Herbert Needleman aliitafuta kwenye meno. Sisi utotoni jino likitoka tulilirusha juu ya paa tukaomba jipya. Yeye aliwaomba watoto wa shule wa miji ya Chelsea na Somerville, karibu na Boston, wampe yale meno, na zaidi ya watoto 2,000 wakampa. Jino hujengwa polepole kama ukuta, na risasi ya miaka ile hubaki ndani yake. Mwaka 1979 alichapisha matokeo: watoto wenye risasi nyingi menoni, ambao hakuna aliyewahi kuwaona wagonjwa, walipungukiwa na pointi nne hivi katika vipimo vya akili ukilinganisha na wenye kidogo, na walimu wao, bila kujua nani yuko kundi gani, waliwataja kuwa hawatulii na hawafuati maelekezo.

Pointi nne kwa mtoto mmoja hazionekani. Mama hawezi kusema mwanangu angekuwa hivi, akawa hivi. Zinaonekana tu ukiwatazama watoto elfu kwa pamoja, na ndiyo sababu kazi hii inahitaji watu wavumilivu. Needleman alishutumiwa mwaka 1991 kwamba amepotosha takwimu, akatakiwa kujieleza mbele ya jopo la chuo kikuu chake. Jopo halikukuta udanganyifu. Utafiti wa wengine uliofuata ulimuunga mkono, na viwango vikaendelea kushuka. Nchini Marekani miaka ya 1960 daktari alishtuka tu mtoto alipofikisha mikrogramu 60 katika desilita ya damu. Mwaka 1971 ikawa 40, mwaka 1991 ikawa 10, mwaka 2012 ikawa 5, na tangu 2021 ni 3.5. Risasi ni ileile miaka yote hiyo, na mwili wa mtoto ni uleule. Kilichoongezeka ni uwezo wa kuyaona madhara madogo, na kila hatua ya kushuka ilimgharimu mtu miaka ya kazi na mara nyingine jina lake.

Mpaka hapa nimeizungumzia risasi kana kwamba metali zote ni ndugu wa tabia moja. Hapana. Zebaki ya kimiminika ukiimeza, utumbo unaifyonza kidogo sana na nyingi yake hutoka kama ilivyoingia. Mvuke wake ukiuvuta, unaingia moja kwa moja mapafuni na kufika ubongoni. Ikiungana na kaboni ikawa methili-zebaki, utumbo unaifyonza karibu yote. Hii ndiyo iliyowaangamiza watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956 baada ya kiwanda kumwaga maji taka ghubani na wavuvi kula samaki wao kama kawaida. Ndiyo pia iliyoua mamia ya watu nchini Iraki mwaka 1971 na 1972, walipooka mikate kwa ngano ya mbegu iliyotiwa dawa ya kuua kuvu. Aseniki nayo ni vivyo hivyo. Ile ya maji ya visima huua polepole, lakini kamba na samaki wa baharini wana aseniki ya umbo jingine ambayo mwili huitoa kwa mkojo bila madhara. Mtu wa Mombasa aliyekula kamba jana usiku akipimwa aseniki yote kwa jumla leo asubuhi, maabara isiyouliza alikula nini inaweza kumtia hofu ya bure.

Mtafiti aliyenisikitisha zaidi katika historia hii ni Karen Wetterhahn, profesa wa kemia wa chuo cha Dartmouth. Kazi yake kubwa ilikuwa kueleza jinsi umbo moja la kromiamu linavyofanana na salfeti, likapita mlango wa salfeti hadi ndani ya seli, kisha likabadilika humohumo na kuharibu vinasaba. Ni habari ileile ya utingo na nauli. Agosti 1996 alikuwa akitumia dimethili-zebaki kurekebisha chombo cha kupimia, na matone machache yakamwangukia kwenye glavu ya mpira. Alifuata taratibu zote za wakati ule. Hakuna aliyejua kwamba kemikali hiyo hupenya glavu za aina hiyo kwa sekunde chache. Miezi ikapita bila dalili. Januari 1997 akaanza kuyumba akitembea na ulimi kuwa mzito. Damu yake ilikutwa na mikrogramu 4,000 za zebaki kwa lita, ambapo mtu wa kawaida hapiti 8. Alifariki Juni mwaka huo, akiwa na miaka 48. Mpwa wangu alisimuliwa kisa hiki siku ya kwanza aliyoingia maabarani, na mpaka leo huvaa glavu jozi mbili za aina tofauti.

Kwetu sisi wa pwani, swali la zebaki linakuja na mlo. Bakteria wa kwenye tope huigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, viumbe vidogo wakaibeba, samaki wadogo wakawala hao, wakubwa wakawala wadogo, na kila ngazi ikajilimbikizia zaidi. Kileleni wako papa, nduaro na jodari wakubwa. Tafi anayekula mwani, changu na vidagaa wako chini. Je, mja mzito asile samaki? Timu mbili za watafiti zilitumia miaka mingi kulijibu swali hilo. Katika visiwa vya Faroe, ambako watu hula nyama ya nyangumi, Philippe Grandjean na wenzake walikuta watoto waliopata zebaki nyingi tumboni mwa mama zao wamepungua katika lugha, umakini na kumbukumbu. Katika Shelisheli, majirani zetu wa Bahari ya Hindi, timu ya Chuo Kikuu cha Rochester iliwafuatilia watoto wa akina mama waliokula samaki kama mara kumi na mbili kwa wiki. Nywele za akina mama hao zilikuwa na zebaki zaidi kuliko za Faroe, na bado madhara yaleyale hayakujitokeza kwa mpangilio wowote wa kueleweka.

Wengi wakadhani mmoja kati yao kakosea. Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni kwamba nyangumi huja na sumu nyingine pamoja na zebaki, na huliwa kwa kishindo siku akipatikana, ilhali samaki wa kila siku huja na mafuta mazuri na seleniamu vinavyousaidia ubongo wa mtoto. Ushauri unaotokana na mabishano hayo ni mwepesi kwa mtu wa Marikiti au Kongowea: mama mja mzito ale samaki, achague wadogo, na papa, awe mbichi au ng'onda, amwache mpaka ajifungue na amalize kunyonyesha. Nyuma ya ushauri huo wa sentensi moja kuna miaka zaidi ya thelathini ya kazi za watu na nywele zilizokatwa vipande, kwa sababu unywele hukua sentimita moja hivi kwa mwezi na kila sentimita huhifadhi zebaki ya mwezi wake.

Mpwa wangu yeye hushughulika na tope na chaza. Mizizi ya mikoko hupunguza kasi ya maji, chembe laini hutua, na metali nyingi hupenda kushikamana na chembe laini. Kwa hiyo tope la mikoko ya Tudor au Port Reitz ni kama daftari la mji: ukilikata kwa bomba la plastiki na kulitoa bila kulivuruga, tabaka la juu ni la juzi, la chini ni la zamani. Chaza naye huchuja maji siku nzima na hana pa kukimbilia. Siku moja nilimfuata mpwa wangu maji yalipokupwa. Kisu kilikuwa cha kauri, bomba la plastiki, mifuko miwili miwili. Nilipotaka kumsaidia kubeba chupa akanizuia.

"Mjomba, usiguse. Una saa ya chuma."

Chupa hizo zilikuwa zimelowekwa kwenye asidi kwa siku kadhaa kabla. Kisha kwa kila sampuli kumi anapima pia chupa tupu iliyopita njia zote zile, ili ajue yeye mwenyewe ameongeza nini, na anapima unga wa chaza ulionunuliwa kutoka taasisi ya vipimo ya nje, ambao kiasi cha metali zake kinajulikana. Asipopata kiasi kilichoandikwa kwenye kichupa, kazi ya wiki nzima inatupwa. Mashine yenyewe huunguza sampuli katika moto wa argoni wenye nyuzi maelfu kadhaa, na hula gesi hiyo lita zaidi ya kumi kila dakika. Stima ikipotea katikati, anaanza upya. Ameanza upya mara nyingi. Miaka mitano, na mpaka sasa ana makala moja iliyochapishwa. Dada yangu humuuliza lini atamaliza shule, na mimi nilikuwa nikiuliza hivyo hivyo.

Siulizi tena, kwa sababu ya Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifanya kazi kando ya nyumba za watu pale tangu 2007 hadi kilipofungwa 2014. Watu walikuwa wakisema tangu mapema kwamba kuku wanakufa, watoto wanakohoa, mimba zinatoka. Phyllis Omido, aliyeajiriwa kiwandani humo, alianza kupambana baada ya mwanawe mchanga kupimwa na kukutwa na risasi, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Lakini kusema kuku wanakufa hakutoshi mbele ya mawakili. Palihitajika mtu wa kuonyesha kwamba watoto wa pale wanatofautiana na watoto wengine wa Mombasa walio maskini vilevile, wanaopumua vumbi vilevile. Mwaka 2015 watafiti walipima damu ya watoto wa Owino Uhuru na ya watoto wa mtaa wa Bangladesh, palepale Mombasa. Wastani wa Owino Uhuru ulikuwa 7.4. Wa Bangladesh ulikuwa 3.7.

Mara mbili kamili. Na kumbukeni nilichosema kuhusu damu na mwezi mmoja: kiwanda kilikuwa kimefungwa mwaka mmoja kabla. Risasi ile haikuwa ya moshi wa zamani tu. Ilikuwa bado inaingia, kutoka kwenye udongo, kwenye mapaa, kwenye vumbi la ndani ya nyumba. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo mwaka 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Kuna watoto waliozaliwa kiwanda kikifunguliwa ambao siku hiyo walikuwa na miaka kumi na saba.

Nambari ya jirani yangu, 7, ilikuwa karibu sawa na wastani ule, na hilo ndilo lililomtia hofu mpwa wangu ingawa hakusema. Alikuja nyumbani kwao Jumamosi. Alitazama rangi ya dirisha inayobambuka. Aliuliza sufuria zilinunuliwa wapi, maana zile zinazoyeyushwa kwa vyuma chakavu vya kila aina mara nyingine huwa na risasi inayovuja kwenye chakula, hasa kikiwa kichachu. Aliomba kuona wanja wa mtoto. Bibi yake humpaka tangu azaliwe, kama sisi sote tulivyopakwa. Wanja wa masizi hauna neno. Ule wa unga wa kijivu unaometameta huenda umetengenezwa kwa galena, jiwe la risasi na salfa, na mtoto husugua jicho kisha akanyonya kidole. Wa bibi ulikuwa wa masizi. Bibi alifurahi sana kuambiwa hivyo.

Kisha akauliza baba hufanya kazi gani. Baba ni fundi betri kwenye gereji Changamwe, hufungua betri na kubadilisha vibao vya ndani. Hurudi jioni, huvua ovaroli, huitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Chini ya msumari huo ndipo godoro la mtoto linapotandikwa.

Hakuna dawa ya kumeza kwa kiwango hiki. Dawa za kutoa risasi mwilini zina madhara yake, na kwa kawaida hazifikiriwi mpaka kipimo kifike 45. Kilichoamuliwa ni kwamba ovaroli na viatu vibaki gereji, baba aoge kabla ya kumbeba mtoto, sakafu ipigwe deki kwa maji badala ya kufagiwa kavu, na mtoto apate maziwa, mchicha, maharagwe na vidagaa ili ile milango ipate wageni wake halali. Mama alimrudisha mtoto kupimwa, safari hii damu ya mshipani, mikono imeoshwa kwa sabuni na maji ya kutiririka. Ikaja 6.

Baba aliposikia alikaa kimya kwenye kibaraza muda mrefu. Mpwa wangu akaketi naye, akamweleza kwamba yeye mwenyewe huenda ana zaidi na anapaswa kupimwa pia. Kipimo kijacho cha mtoto ni baada ya miezi mitatu. Mama ameandika tarehe yake nyuma ya karatasi ileile, na pembeni yake ameandika: sabuni kwanza.